Nitafika Kajiado kwa Miguu Yangu Mwenyewe

Jumamosi, 4 Januari

Nashukuru kwa mwaka mpya, kwa afya, na kwa ubavu wa mbuzi niliokatiwa leo nyumbani kwa baba mkwe, Kisaju. Ubavu wenyewe ulikuwa mdogo. Nashukuru hivyo hivyo.

Mzee Saning'o alikuwa ameita wakwe wake wote. Yaani mimi na Gakuru. Tumeoa nyumba moja: mimi nina Soipan, yeye ana Margaret, dada mkubwa. Gakuru ana hardware kubwa Kitengela, ana kifua, ana meno yote. Alipoingia tu bomani mzee akasimama na fimbo yake akamwita, "Pakiteng!" Gakuru naye akajibu, "Pakiteng!" Mtu wa Nyeri, anajibu Kimaasai mbele za watu!

Kisha mzee akanigeukia. Akasema karibu, wa mapazia.

Niandike hapa mambo yalivyo. Kwa Wamaasai, watu waliopeana mnyama huacha kuitana majina yao. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng, wote wawili, mpaka kufa. Waliopeana kondoo huitana Pakerr. Gakuru alimpelekea mzee ng'ombe wa maziwa wakati wa kile kiangazi kikali, mifugo ilipoisha. Lakini hata mimi nilimkumbuka mzee wakati huo! Nilimpelekea mapazia kutoka dukani kwangu. Mazuri, ya maua, yenye pindo. Nyumba yake siku hizo haikuwa na dirisha hata moja.

Tangu hapo mimi ni wa mapazia. Na kwa kuwa hakuna atakayesoma haya, niseme wazi: inaniuma. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo na sijawahi kuwa na mzee wa kuniita kitu.

Baada ya nyama Gakuru akatangaza kwamba amejiandikisha zile mbio ndefu za mwezi wa pili, Kitengela mpaka Kajiado, kilomita hamsini na kitu. Watu wakashangilia. Nikasikia sauti ikisema kwamba hata yeye atakimbia. Ilikuwa sauti yangu. Halafu Lemein, ndugu ya Soipan, akacheka mpaka akashikilia mlango wa zizi. Soipan ni mwalimu. Aliniangalia vile huangalia mtoto aliyenakili hesabu ya jirani, pamoja na makosa.

Mzee hakucheka. Alifikiri, akatema mate kando, akasema kwamba huyu wa mapazia akifika Kajiado kwa miguu yake mwenyewe, atamkuta amemngoja pale na kondoo dume. Mbele ya watu.

Kondoo dume! Pakerr! Ashe oleng, asante sana, Mungu wangu. Kilichobaki ni kufika tu.

Jumatatu, 6 Januari

Nimenunua viatu vya mbio sokoni. Mitumba safi. Rangi ya machungwa inayowaka. Muuzaji aliapa kwamba vilivaliwa na bingwa huko ng'ambo. Bingwa alikuwa na mguu mkubwa, kwa hivyo nimejaza vipande vya pazia kwenye vidole.

Kamati ya mbio imetutumia ratiba ya mazoezi. Nimeisoma yote nikiwa nimelala. Inasema mwili usishtuliwe. Nikaona ni busara. Sijaushtua.

Falis, mwenye duka la vitambaa lililo karibu na langu, aliniuliza kwa nini nimejifunga kitambaa kichwani kama mwenye kuumwa na jino. Nikamweleza mpango. Akasema, walahi, kwao mtu hukimbia umbali huo akiwa anafukuzwa. Halafu akanipa tende za kuniongezea nguvu. Nashukuru kwa majirani. Nimezila zote, maana mazoezi yanakuja.

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimekimbia! Ningependa kuishia hapo.

Sikutaka wateja wangu wa Kitengela wanione, kwa hivyo nilishuka Kisaju nikakimbilia mbugani. Hewa safi. Mchungaji mmoja akaniona kwa mbali, akainua fimbo kunisalimu. Nikampungia mkono nikapita. Kosa! Kosa kubwa!

Kwa maana huku mbugani mtu mzima hakimbii bila sababu. Ama ng'ombe wameibwa, ama kuna simba, ama mtu amekufa. Na akipita watu bila kusimama kusalimu, basi ni yote matatu pamoja. Yule mchungaji akanifuata. Akaja mwingine. Wakawa wanakimbia kando yangu na rungu zao, hawahemi hata kidogo, wananiuliza ni nini. Mimi pumzi ya kujibu sina. Kutojibu kukaharibu mambo zaidi. Simu zikapigwa mbele. Mara wachungaji wakanipita kwa kasi, wakapotea kwenye vumbi kwenda kuwakata njia hao wezi.

Nilipofika kwa baba mkwe wanawake walikuwa wameshaingiza ndama ndani, na mzee mwenyewe amesimama mlangoni na mkuki. Ikabidi nieleze kwamba hakuna kitu. Nakimbia tu. Mzee mmoja jirani akaomba atafsiriwe tena. Kutoka wapi kwenda wapi? Kutoka pale mpaka pale. Halafu? Halafu narudi. Akatikisa kichwa, akamuuliza Mzee Saning'o kama walichunguza vizuri ukoo wangu kabla ya kunipa msichana.

Nashukuru hakuna aliyenipiga. Nashukuru pia kwa chai. Mzee hakugomba. Alisema siku nyingine nisimame, nisalimu watu, nitoe habari, halafu nikimbie. Kisha akainama akatazama viatu vyangu kwa muda mrefu. Akasema hivyo vinaonekana kutoka Isinya, angalau sitapotea.

Jumapili, 19 Januari

Haya ya leo yalianza kama jambo zuri kabisa.

Kamati inataka kila mkimbiaji aweke kwenye simu ile programu inayopima safari, na kila Jumamosi jioni ramani ya mtu itokee kwenye kikundi chetu. Ramani ya Gakuru juma lililopita ilikuwa imenyooka kama reli. Yangu ilitoka nyumbani ikaenda dukani ikarudi nyumbani. Mahali fulani katikati ilizunguka kibanda cha chapati.

Nikafikiri. Nani huku kwetu hutembea kutwa nzima, kila siku, bila kulalamika? Ng'ombe wa Lemein! Ijumaa jioni nikampelekea Lemein pazia la jikoni, tukaelewana kama wanaume. Jana alfajiri akaifunga simu yangu kwenye kifuko, chini ya kengele ya yule ng'ombe mweusi anayetangulia. Mimi nikalala dukani, nyuma ya mapazia. Usingizi mtamu sana. Nilijisikia nikipata nguvu za miguu.

Ramani ilikuwa ya ajabu. Ndefu kuliko zote! Kikundi kizima kilinipongeza, Gakuru akanitumia mikono inayopiga makofi. Haya niliyaona leo simu iliporudi. Niliona pia kwamba nahodha wetu, bwana Isaak, aliuliza kwa upole kwa nini asubuhi nilisimama saa nzima katikati ya bwawa.

Halafu kuna jambo la Soipan. Alinipigia simu jana saa ya jua kali, anataka nipitie unga. Ng'ombe akalia wimbo wa kwaya. Wenzake wakatawanyika. Yeye mwenyewe, akisikia kwaya inaimba kooni mwake, akatimua mbio mpaka bomani. Mzee Saning'o akamshika pembe akapokea simu. Soipan anasema baba yake alimsalimu vizuri, akauliza habari ya watoto, ya shule, ya mvua kama imenyesha Kitengela. Ndipo akamwambia kwamba mume wake hayuko karibu, lakini ng'ombe ni mzima.

Usiku nimelala sebuleni. Nashukuru kwa kochi. Nashukuru pia kwa simu, bado inafanya kazi, ila inanuka dawa ya kupe.

Jumanne, 28 Januari

Nimegundua siri ya mbio. Chakula!

Falis hupokea maziwa ya ngamia kutoka kwa shangazi yake. Aliniambia wachungaji wa kwao huvuka jangwa kwa hayo tu. Nikamwomba. Akanimiminia kikombe kimoja akanionya: kimoja tu, jirani, wewe hujazoea. Akaenda kumhudumia mteja. Jagi likabaki pale, na mimi nikabaki pale. Nilifikiri, kikombe kimoja kikimvusha mtu jangwa, je, jagi?

Nilianza safari ya Kisaju vizuri sana. Mwepesi. Nikaimba. Kisha tumbo likauliza swali. Kisha likauliza kwa ukali.

Mtu asiyeijua mbuga yetu hataelewa taabu yangu. Hakuna mti. Kuna vichaka vya miiba vinavyofika magotini. Mtu anaonekana kutoka pande zote, na mimi kwa viatu vile! Nikaona shimo la daraja dogo chini ya barabara kuu, mbele kidogo tu. Nikakaza miguu. Na hapo hapo wakatokea wazee wawili.

Mzee Saning'o alisema nisimame nisalimu. Nikasimama. Sopa. Ipa. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Wazima. Nyasi huko kwenu? Mimi ni Mkamba nauza mapazia, sina nyasi, lakini nikasema zipo. Mvua? Itakuja. Nilijibu yote, magoti yamebana, jasho linachuruzika, natabasamu. Mmoja akanisifu kwamba sasa nina adabu. Wakataka kujua kama naharakisha.

Kutoka kwa wale wazee mpaka lile daraja nimekimbia kasi ambayo sijawahi kukimbia maishani. Nahodha ameiona kwenye programu. Amenipongeza mbele ya kikundi. Mara hii ni halali kabisa!

Nashukuru kwa waliojenga ile barabara. Walifikiria kila kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Gakuru amekuja mlangoni kwangu mapema, amevaa kaptula inayobana, akasema twende pamoja mpaka Isinya. Hasidi wangu! Nikajua amekuja kunipeleleza. Soipan akanisukuma nje.

Alipoingia kuwasalimu watoto, nikafungua mkoba wake wa mgongoni nikaweka mawe mawili. Mawe mazuri, ya kujengea. Nilitaka tu awe na uzito wa kawaida, kama binadamu wengine.

Alikimbia nao mpaka tukapita Kisaju, hakusema neno. Mimi ndiye niliyeumia. Kiatu kile kikubwa kilikunjika na mguu ukakunjika nacho. Gakuru akapiga magoti kwenye vumbi akanikanda kwa mafuta yake mwenyewe. Kisha akasema bado tuko mbali, na ndani ya mkoba wake kuna maji na dawa, afadhali niuvae mimi. Akanifunga kamba vizuri kifuani. Nikabeba mawe yangu mpaka Isinya. Ningeyatoa vipi? Angeuliza yalitoka wapi.

Njiani alinieleza jambo. Kabla ya kuitwa Pakiteng, mzee alikuwa akimwita wa misumari. Alikaa hivyo miaka. Alisema mzee huuliza habari zangu kila mara: kama duka linaendelea, kama mguu wangu uko sawa, kama nimekula. Nilikuwa sijui. Nikapunguza mwendo, na si kwa sababu ya mawe.

Nashukuru kwa Gakuru. Nasema kweli. Ni mtu mwema sana. Lazima nimshinde.

Ijumaa, 21 Februari

Kesho!

Nimehesabu nguvu zangu kwa uaminifu. Nimefika Isinya mara moja, nikarudi kwa gari. Kwa hivyo mwili wangu unajua nusu ya kwanza ya barabara. Ile nusu ya pili ataijua Omolo.

Omolo hupeleka mayai Kajiado kila Jumamosi kwa pikapu yake nyeupe yenye turubai la kijani. Tumeelewana. Ataegesha nyuma ya petroli stesheni pale Isinya. Nikishapewa alama mezani kwa kamati, nazunguka kama mtu anayetafuta choo, napanda, nalala chini ya turubai. Karibu na mji anapunguza mwendo, nashuka, najimwagia maji, natokea barabarani nikihema. Mzee alisema nifike kwa miguu yangu mwenyewe. Nitakuja nayo yote miwili. Hakusema njiani iwe inafanya nini.

Soipan amenipigia pasi kaptula. Hakuna mke mwingine Kitengela nzima anayepiga pasi kaptula ya mbio. Akaniambia baba yake amemchagua kondoo mwenyewe, amemwosha kwa sabuni, amemfunga uzi mwekundu shingoni, na tangu juzi anauliza kama kesho kutakuwa na jua kali. Kitu kikanichoma kidogo hapa, upande wa kushoto. Labda ni zile tende.

Nimeombea klachi ya Omolo.

Jumapili, 23 Februari

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Hakuna njia nyingine ya kulala.

Tulianza Kitengela kukipambazuka. Gakuru akapotea mbele mara moja. Mimi nikajikaza kisabuni. Kisaju watu walikuwa wamejipanga barabarani kwa ajili yangu! Wanawake wakapiga vigelegele, wachungaji wakanionyesha wenzao. Nikasimama nikamsalimu kila mmoja, nikatoa habari, kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza kusalimu nilikuwa wa mwisho. Mzee sikumwona. Wakasema ametafutiwa gari, ametangulia na Lemein.

Isinya nilifika, sijui vipi. Miguu ilikuwa imeacha kunisikiliza. Kamati wakanipa alama na ndizi. Nikazunguka nyuma ya petroli stesheni, na hapo! Pikapu nyeupe, turubai la kijani, dereva hayupo. Nikambariki Omolo na kizazi chake chote. Nikapanda, nikajifunika.

Mayai hayakuwepo. Kulikuwa na kondoo dume. Msafi, ananukia sabuni. Nikafikiri Omolo amepanua biashara. Alikuwa amechukua nafasi yote, kwa hivyo nikalegeza kamba yake asogee. Giza lilikuwa zuri, nikamshukuru Mungu. Milango ya mbele ikafungwa, gari likaondoka. Hapo ndipo nikaona uzi mwekundu.

Na hapo ndipo nikasikia sauti ya Mzee Saning'o.

Nilitamani niwe kondoo. Mzee alikuwa mbele na Lemein, kioo cha nyuma kiko wazi, nasikia kila neno. Alikuwa akisema Kiswahili, tena kwa sauti kubwa kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Sijui kwa nini, maana Lemein ni mwanawe na nyumbani hawasemi ila Kimaasai. Lakini nashukuru, kwani nilielewa yote.

Alisema, "Huyu wa mapazia watu wanamcheka. Sawa. Hata mimi nilicheka. Wakati wa kiangazi kila mtu aliniletea kitu ya kusaidia maskini. Huyu akaniletea mapazia. Mimi sina ng'ombe, sina chakula, sina dirisha, na yeye ananiona kama mtu ako na nyumba kubwa. Nikajiambia, Saning'o, basi wewe bado ni mtu. Nikajenga hiyo nyumba. Nikaweka madirisha." Kisha akasema atangoja Kajiado hata jua likitua, hata watu wote wakienda. "Hata akija wa mwisho, mimi niko. Lakini aje na miguu."

Halafu akamwambia Lemein kuna tuta mbele, aende polepole, polepole kabisa, asimame hata kidogo, huyo mnyama wa nyuma apumue.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia kwenye manyoya ya kondoo safi, mtu mzima nina watoto. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yangu, wala mbele yangu wala nyuma yangu. Gari likasimama kwenye tuta. Tulikuwa bado karibu na Isinya, minara yake bado inaonekana. Nikafunua turubai nikaruka.

Kondoo naye akaruka.

Nilimlegezea kamba mwenyewe! Gari likaenda zake. Mimi nikabaki barabarani nikimtazama Pakerr wangu akikata mbuga, uzi mwekundu ukipepea. Nikamfuata. Mtu mzima anakimbia nyuma ya kondoo asiye wake! Haikuchukua muda wachungaji wakatokea na rungu. Safari hii nilisimama. Nikasalimu. Nikatoa habari: huyo ni kondoo wa Mzee Saning'o wa Kisaju, nami ni mkwe wake. Wakatazama viatu. Wakasema aa, ni wewe. Wakaungana nami.

Tulimzunguka mchana kutwa, naye akizidi kukimbilia upande wa Kajiado. Aliruka korongo, tukaruka. Aligeuka, tukageuka. Mwishowe alichoka akasimama kwenye kivuli cha nguzo ya stima, nikamshika shingo, tukaangaliana, wote wawili hatuna nguvu ya kuchukiana. Nikamshika uzi tukaelekea Kajiado. Wachungaji hawakukubali niende peke yangu. Walikuja nami wakiimba, na nilipotaka kukaa chini walinisukuma kwa fimbo, kwa heshima.

Tuliingia Kajiado jua likizama. Kamati walikuwa wamekunja meza wakaenda. Gakuru alikuwepo, medali shingoni, na blanketi na soda aliyonihifadhia. Margaret alikuwepo. Soipan alikuwepo, anauma kucha, mwalimu mzima! Na mzee amekaa kwenye kiti kidogo, ametazama barabara, fimbo magotini. Hakuonekana kushangaa.

Akauliza kondoo nimemtoa wapi. Nikasema, bila kupepesa jicho, kwamba nilimkuta njiani. Lazima alianguka kutoka kwenye gari fulani. Nikaacha mbio zangu nikamfuata, kwa maana mali ya mkwe ni mali ya mkwe. Watu wakapiga makofi! Lemein akashikwa na kikohozi.

Mzee akasimama. Akazunguka nyuma yangu, akanipangusa mgongo kwa mkono wake mwenyewe, manyoya na samadi, polepole, mpaka nikawa safi. Ndipo akanigeuza niwatazame watu. Akachukua ule uzi mkononi mwangu. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Pakerr," akasema.

Nilijibu haraka mno, hakuna aliyesikia. Nikajibu mara ya pili. "Pakerr!"

Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini kama kondoo alinipiga teke. Nikasema hapana, tulikaa vizuri tu. Akacheka mpaka akafuta machozi. Sijui ni nini kilimchekesha, lakini nashukuru kumfurahisha mzee.

Jumapili, 2 Machi

Nashukuru kwa kila kitu. Kucha mbili za miguu zimeondoka, lakini zilikuwa za kero tangu zamani. Kondoo yuko nyuma ya nyumba. Jana aliingia dukani akala pindo la pazia la maua, lile lile la muundo niliompa mzee. Sikumgombeza. Kwa jambo kama hilo huwezi kumgombeza.

Falis ananiita Pakerr. Nimemweleza hawezi, si yeye aliyenipa. Akasema basi nimrudishie jagi lake la maziwa.

Jioni Soipan aliacha kusahihisha madaftari akaniuliza juu ya yale maneno ya baba yake niliyomsimulia. Kwa nini baba yake, akiwa ndani ya gari na mwanawe wa kumzaa, watu wawili tu, aongee Kiswahili? Tena kwa kelele? Nami nilijuaje? Hapo nikakumbuka kwamba ile sehemu ya gari nilikuwa sijamweleza. Nikamwambia nilisimuliwa. Akauliza tena: na kiatu cha rangi ya machungwa kikichungulia nje ya turubai, mtu aliyekaa mbele hawezi kukiona kwenye kioo cha pembeni? Nikasema sioni hayo yanahusiana vipi na mimi. Kuhusu Kiswahili, nikamwambia ajivunie baba yake. Umri ule na bado anajizoeza lugha!

Soipan alinitazama. Kisha akacheka, akanibusu kichwani, akarudi kwenye madaftari. Wanawake.

Sasa niseme lililo moyoni. Pakerr ni jina tamu. Lakini leo kanisani Gakuru ameitwa Pakiteng mara mbili, na kondoo, ukifikiria vizuri, ni mdogo. Kuna mbio nyingine mwezi wa saba, Kajiado mpaka Namanga, ndefu zaidi. Nimeshamdokezea mzee. Amesema nikifika Namanga kwa miguu yangu mwenyewe, tutazungumza habari ya ndama. Ndama ni ng'ombe!

Nimeshaonana na Omolo. Pole yake, alinisubiri Isinya siku ile mpaka mayai mengine yakapata joto. Tatizo, tumekubaliana, lilikuwa ni turubai tu. Pikapu zote huku zina turubai la kijani. Safari hii ataweka la bluu.

Mzee alipiga simu sasa hivi kunisalimu. Aliuliza habari ya watoto, ya kondoo, ya mvua. Mwisho akaniomba kitu kimoja: Namanga nisije nikabadilisha viatu. Nivae vile vile. Alisema anapenda kuniona kwa mbali. Nimemwahidi. Ashe oleng, Pakerr. Mtu akipata mkwe wa namna hii, atake nini tena? Isipokuwa ndama.